Talaka Aliyoiomba Nyamai

Watu wa Kikima walisikia habari za kesi kabla Muthoki mwenyewe hajaletewa makaratasi. Nyamai, mumewe, alikuwa amewadokezea wateja wachache kwenye hoteli yake kule Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, na maneno yakapanda milima ya Mbooni pamoja na watu waliokuwa wakirudi nyumbani mwisho wa wiki. Nyamai anaomba talaka. Nyamai amemshika mke wake na mwanamume wa Tulia, upande wa Kitui. Muthoki atatoka kwenye lile boma na nguo zake tu, na hata hizo nguo zitakaguliwa kwanza.

Makaratasi yalimkuta shambani anakata kabeji. Aliyeyaleta alikuja kwa pikipiki, akaomba sahihi, akaomba pia kabeji moja ya kupeleka nyumbani, akapewa. Alipoondoka, Muthoki alisoma akiwa amesimama. Jina lake lilikuwa hapo, la Nyamai lilikuwa hapo, na chini kidogo neno uzinzi, halafu jina la Mikail Faki, mlalamikiwa wa pili. Akaketi juu ya gunia.

Uzinzi haukumshangaza, kwa maana ulikuwa wa kweli. Kilichomketisha ni shamba. Nyamai alikuwa amemwimbia wimbo mmoja kwa miaka mingi, kila walipogombana kwa simu: "Ukitaka kutoka, toka. Lakini utatoka vile ulikuja." Na Muthoki alikuwa amekuja na sanduku moja na sufuria aliyopewa na shangazi yake.

Walifunga ndoa kanisani hapo hapo Kikima wakiwa vijana. Shamba la juu Nyamai alirithi kwa baba yake. La chini walilinunua baadaye, hati ikaandikwa jina la Nyamai, na lilikuwa mteremko mtupu usioshika maji. Ni Muthoki aliyechimba matuta, mimba ya Mbula ikiwa tumboni, na tena baadaye akiwa na mdogo wake Mbula mgongoni. Kabeji za hapo na avokado za shamba la juu ndizo zilizojenga ile hoteli ya Kiboko. Nyamai akaenda kuisimamia. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi, kisha Krismasi, kisha hata Krismasi ikampita. Kulikuwa na mpishi anayeitwa Kanyiva. Baada ya muda Kanyiva hakuitwa mpishi tena, aliitwa mama hoteli, na watu wazima walielewa.

Muthoki alilia mwaka mmoja, akapanda kabeji miaka iliyofuata.

Muthoki alifika Tulia kwa sababu ya avokado. Upande ule wa Kitui ni mkavu na watu wake wanazipenda, kwa hiyo akina mama wa Kikima walikuwa wakikodi lori pamoja na kwenda kuuza siku ya soko. Kibanda alichopata kilipakana na cha Mikail, mjane wa makamo kutoka mjini Kitui, ambaye babu yake alitoka pwani na kuwaachia wajukuu Kiswahili chake. Mikail aliuza magodoro.

"Bi Muthoki," alimwambia siku ya kwanza, baada ya kuuliza jina, "hebu keti. Umesimama tangu asubuhi, na mimi hapa nina magodoro ya kutandika wilaya nzima."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Bi. Akaketi. Mikail akamsimulia habari za mteja aliyekuja kujaribu godoro, akalala usingizi wa kweli, akakoroma hadi adhana ya alasiri, akaamka akajinyoosha na kusema godoro hili halifai. Muthoki alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Alirudi Kikima mbavu zikimuuma kama mtu aliyelima siku nzima.

Mambo mengine yalifuata kama yanavyofuata. Muthoki hakujidanganya. Aliendelea kwenda kanisani lakini alijiondoa mwenyewe kwenye Meza ya Bwana kabla ya mtu yeyote kumwondoa, na wazee wa kanisa walipopata habari za kesi na kumwita, wakamvua uongozi wa kikundi cha akina mama, hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: kama Nyamai naye aliwahi kuitwa. Mzee mmoja alisema Kiboko ni mbali.

Binti yake Mbula, aliyekuwa akifundisha nasari mjini Wote, alikuja nyumbani Jumamosi na uso umekunjwa.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

Mbula alianza kubanduabandua rangi ya kiti. Alimpenda baba yake, ijapokuwa hakuwa na sababu nyingi za karibuni.

"Anafanya kazi gani huyo mtu?"

"Anauza magodoro."

Mbula aliuma midomo. Akatazama dirishani, akatazama dari, akaona haitawezekana. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama yake naye akaanza, na walipomaliza walikuwa wameshikana mikono juu ya meza na hakuna aliyekumbuka nani alimshika mwenzake kwanza.

"Haya," Mbula alisema, akijipangusa. "Twende kwa wakili."

Wakili alikuwa msichana anayeitwa Syokau, ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo mjini Wote. Alisoma makaratasi yote bila kuinua macho. Halafu akauliza bila kuzunguka, "Mama, hili wanalosema ulilifanya?"

"Nililifanya."

"Sawa. Na yeye mzee, huko Kiboko?"

Muthoki akamweleza habari za Kiboko. Syokau akaandika kidogo, kisha akaweka kalamu chini.

"Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi hapa wanaogopa kitu ambacho hakipo. Uzinzi ni sababu ya kuvunja ndoa. Mmoja akiuthibitisha, korti inaweza kutoa talaka. Watoto wangekuwa wadogo, korti ingeangalia wao wanaishi vipi, si nani alilala wapi. Kuhusu matunzo, yeye kukutunza baada ya talaka, hapo anaweza kukusumbua. Utayataka?"

"Kutoka kwa Nyamai? Huyo hata chumvi hajaniletea."

"Basi tuyaache. Lakini mali ni kesi nyingine. Pale tunaulizwa kila mtu alileta nini. Jembe lako linahesabiwa, kulea watoto kunahesabiwa, kukaa hapo na kulinda boma kunahesabiwa. Uzinzi hauna kiti kwenye hiyo kesi."

Muthoki aliomba arudie. Syokau akarudia.

"Na kuna jambo lingine," wakili alisema, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mali ya ndoa inagawanywa ndoa ikivunjika. Wewe hungekuja kuomba talaka, sivyo?"

"Mimi? Nilikuwa nangoja kufa."

"Basi mzee ametufungulia mlango yeye mwenyewe. Na amelipia."

Walitoka ofisini Muthoki akiwa kama mtu aliyekunywa kitu. Aliwasalimu watu asiowajua. Alinunua miwani ya jua kwa mchuuzi, yeye ambaye hakuwahi kuvaa miwani, akaivaa mpaka nyumbani ijapokuwa Mbooni kulikuwa na ukungu na alikosea njia ya mguu mara kadhaa. Jioni alimpigia Mikail simu kumweleza kwamba ameshtakiwa.

"Nami nimeletewa yangu," Mikail alisema. "Nimeitwa mlalamikiwa wa pili. Maisha yangu yote sijapata kuwa wa pili kwa jambo kubwa namna hii."

"Huogopi?"

"Naogopa sana, Bi Muthoki. Lakini nimesoma jina langu limekaa karibu na lako, nikaona karatasi si mbaya yote."

Siku ya kusikilizwa, chumba cha mahakama kilijaa. Nusu ya Kikima ilikuwa imeshuka. Nyamai alikuja na suti mpya na shahidi wake, binamu yake Musyimi, ambaye alitumwa Tulia siku kadhaa za soko kwenda kuchunguza. Musyimi alikuwa mtu mkweli na mwoga wa viapo. Alishika Biblia kama iliyochemshwa. Wakili wa Nyamai alimwongoza vizuri mpaka mwisho, kisha Syokau akasimama.

"Ulikuwa umesimama wapi, bwana Musyimi?"

"Kwa muuza viazi, ng'ambo ya barabara."

"Ukaona nini?"

"Niliona mama huyu ameketi kwa godoro."

"Godoro la kuuza?"

"La kuuza. Bado lilikuwa na nailoni yake."

"Na bwana Mikail?"

"Yeye pia alikuwa ameketi. Lakini kwa godoro lingine."

"Wakifanya nini?"

"Wakila tikiti maji." Musyimi alifikiri, asije akaacha kitu. "Na kucheka."

"Kucheka ni uzinzi?"

"Kucheka tu, hapana. Lakini vile walikuwa wanacheka, wakili, mimi nilijua. Mimi nina bibi miaka mingi na hatujawahi kucheka hivyo."

Bahati mbaya mke wake huyo alikuwa amekuja kusikiliza kesi. Chumba kizima kiligeuka kumtazama. Hakimu, mama wa miwani minene, aliinamisha kichwa kwenye faili na kukaa hivyo kwa muda, mabega yakitikisika kidogo, kisha akaagiza watu wanyamaze.

Ilipofika zamu ya Nyamai kuulizwa, Syokau alikuwa mpole.

"Kanyiva ni nani?"

"Ni mfanyakazi wangu."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Kitinda mimba anaitwa nani?"

Nyamai alitazama wakili wake. Wakili wake alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba.

"Anaitwa Kilonzo," Nyamai alisema.

"Marehemu baba yako aliitwa nani?"

Kila Mkamba aliyekuwa mle ndani alijua mtoto hapewi jina la babu kwa bahati. Nyamai alilitamka jina la baba yake kwa sauti ya chini sana, ikabidi hakimu amwombe arudie, na akarudia: Kilonzo.

Kisha Muthoki akapanda kizimbani. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii kwa maombi na kwa hofu, lakini alipoweka mikono juu ya ule ubao akajikuta mwepesi. Wakili wa Nyamai alikuwa na maswali mengi yameandikwa. Aliuliza la kwanza: je, anakana kwamba alikuwa na uhusiano na mlalamikiwa wa pili?

"Sikani," Muthoki alisema. "Ni kweli. Musyimi ameona vizuri, na tikiti lilikuwa tamu. Nilikosea mbele ya Mungu na nimemwambia. Sitaki kudanganya nikiwa nimeapa, na sitaki mahakama ipoteze wakati. Lakini nilikaa mke wa mtu asiyekuja nyumbani mpaka nikasahau anakunywa chai na sukari ngapi. Hilo pia ni kweli."

Wakili wa Nyamai alitazama maswali yake mengine yote, yaliyokuwa yamepangwa kumfanya akubali, akaketi. Mikail naye alipoulizwa kazi yake ili mahakama iandike, alijibu kwa adabu, "Nauza magodoro, mheshimiwa," na hapo askari wa mahakama mwenyewe alilazimika kutoka nje.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa. Hakimu alisema uzinzi umethibitika, wa mke kwa kukiri kwake na wa mume kwa majibu yake mwenyewe, na kwamba ndoa hii imekwisha zamani, kilichobaki ni kuliandika hilo. Akaivunja. Kila mtu alipe wakili wake.

Nyamai alisikia neno moja tu katika yote hayo: uzinzi. Alirudi Kiboko akachinja mbuzi wawili, akawapigia wenye malori muziki mchana kutwa, na Kanyiva akaanza kuuliza bei ya hema la harusi. Wakili wake alikuwa amemweleza tangu mwanzo kwamba talaka na mali havitembei pamoja, lakini kuna mteja wa hoteli, dereva wa lori la saruji, aliyemhakikishia kwamba mwanamke akishikwa hapati kitu, na Nyamai alimwamini dereva. Bado nyama ilikuwa kwenye moto alipoletewa makaratasi ya kesi ya pili. Mlalamishi: Muthoki.

Kesi hiyo ilikuwa kavu zaidi, na watu wa Kikima hawakuja wengi kwa sababu haikuwa na magodoro. Walizungumzia matuta, mbegu, ada za shule, nani alikuwa nyumbani watoto walipougua. Majirani wawili walieleza vile Muthoki alichimba. Mbula alieleza vile alilelewa, akijitahidi kutomtazama baba yake, na alipomtazama akalia kidogo, akaomba maji.

Siku ya hukumu, jaji alisoma polepole. Shamba la juu lilikuwa urithi wa Nyamai kutoka kwa baba yake, si mali ya ndoa, libaki kwake. Muthoki alifumba macho. Avokado zake nzuri zilikuwa huko juu, miche aliyoibeba kichwani kutoka Tawa, na kwa muda hakusikia sauti ya jaji. Alipoisikia tena, ilikuwa ikisema kwamba shamba la chini na nyumba viandikwe jina lake, na hoteli ya Kiboko ibaki kwa Nyamai.

Nyamai aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, na uzinzi?"

Wakili wake alimvuta koti.

"Uzinzi ulimaliza kazi yake kule kwa hakimu," jaji alisema bila ukali. "Uliomba talaka kwa sababu hiyo na ukapewa. Hapa tunagawa mali."

Nyamai alisimama hivyo kwa kitambo, mkono bado uko juu. Nje ya mahakama walikutana kwenye ngazi, yeye na Muthoki, na kwa mazoea akamshikia mkoba ili afunge kitambaa cha kichwa. Wote wawili waligundua kwa pamoja alichokuwa akifanya.

"Sasa Kanyiva anataka harusi ya hema," Nyamai alisema, akimrudishia mkoba.

"Mfanyie," Muthoki alisema. "Amengoja sana."

Alishuka kwenye gari Kikima mvua ya rasharasha ikinyesha. Miguu haikukubali kutembea taratibu. Alipita sokoni karibu akikimbia, akasalimu watu kwa majina yasiyo yao, akaingia njia ya nyumbani, na hapo akapunguza mwendo, kwa sababu njia ile inapita kwenye shamba la juu, na kwenye shamba la juu anaishi mama yake Nyamai. Kikongwe alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi. Kwa miaka yote Nyamai alipokuwa Kiboko, ni Muthoki aliyempikia, aliyemchotea maji na kumpeleka kliniki.

"Nasikia umeachana na mtoto wangu," kikongwe alisema.

"Ndiyo, mwaitu." Alimwita mama kama alivyomwita siku zote, kwa Kikamba, kisha akajiuliza kama bado anaruhusiwa.

"Na mimi? Mimi pia umeniacha?"

Muthoki alipiga magoti kwenye matope akamkumbatia na blanketi lake.

"Basi inuka, unanilowesha," kikongwe alisema. "Nina njaa. Na hizi avokado nani atachuma? Nyamai anajua kupanda mti? Utachuma wewe, nitamwambia mimi mwenyewe. Twende chini ukapike."

Walishuka pamoja, mmoja akimshika mwenzake, matuta yakiteleza, na mara mbili walikaribia kuanguka na mara zote mbili aliyecheka zaidi alikuwa kikongwe. Muthoki aliwasha moto, akateleka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Simu ikalia. Ilikuwa Mikail, aliyeshinda siku nzima Tulia bila kuuza kitu kwa kutazama simu.

"Nyumba ni yangu," Muthoki alimwambia. "Na shamba la chini."

"Alhamdulillahi," Mikail alisema. "Sasa naweza kuuliza lile jambo?"

"Usiulize leo. Nimekuwa mke wa mtu tangu nikiwa msichana. Nataka nikae Muthoki tu, hata misimu miwili ya mvua."

"Mvua mbili ni sawa. Hata za Kitui, ambazo haziji."

Muthoki alicheka, na kikongwe, aliyekuwa akijifanya hasikii, akauliza kutoka pale motoni, "Ni yeye?"

"Ni yeye, mwaitu."

"Mwambie aje mchana, watu wakiona, nimtazame. Na aje na sweta, huku ni baridi."

Muthoki akamfikishia ujumbe. Mikail, aliyezaliwa kwenye jua la Kitui na kuuza vitu vyake humo humo maisha yake yote, akauliza kwa wasiwasi wa kweli hiyo baridi ni ya namna gani.